Pumzi, Upepo na Roho: Tulichojifunza Tuliposoma Mafundisho ya Wabudha juu ya Kupumua

Wakati wa Kwaresima mwaka jana, katika ibada ya nyumba kwa nyumba, mama mmoja wa mtaa wetu alituuliza swali ambalo hatukulijibu vizuri. Mume wake alikuwa mgonjwa wa mapafu kwa miaka mitatu. Hospitalini walikuwa wamefundishwa wote wawili kupumua polepole: kuvuta hewa kwa pua, kisha kuitoa kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama mtu anayepoza chai. Zoezi lilimsaidia mzee, hasa usiku, hofu ya kukosa hewa ilipomjia. Kisha mpwa wao akawaletea mafundisho yaliyorekodiwa, akawaambia kwamba mambo haya Wabudha wanayajua tangu kale, na kwamba ndani ya pumzi mna nishati ambayo mtu akiielekeza mahali penye maumivu, maumivu huondoka. Jirani, naye ni msharika, aliposikia akasema huo ni mlango wa pepo. Mama akatuambia, "Wapendwa, ninapokaa na mzee wangu usiku tukipumua pamoja, namkosea Mungu?"

Tulimjibu haraka. Mmoja wetu alisema aache mara moja. Mwingine alisema hakuna shida yoyote, kwa kuwa pumzi yote ni Roho wa Mungu, awe anapumua Mkristo au Mbudha. Tulipotoka pale tulianza kubishana njiani, na kabla hatujafika barabarani tukagundua kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kusoma ukurasa mmoja wa mafundisho tuliyoyahukumu. Tuliona aibu. Tukakubaliana, watu sita, tusome kwanza. Insha hii ni tunda la usomaji huo, nasi tunaiandika kwa ajili ya washarika wengine watakaoulizwa swali kama lile.

Mwalimu wa msituni

Tulitafuta mahali ambapo neno "nishati ya pumzi" linatumika kwa uzito, tukafikishwa Thailand, kwa mtawa aliyeitwa Ajahn Lee Dhammadharo. Neno "ajahn" maana yake ni mwalimu. Alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Ubon Ratchathani, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, akawa mtawa akiwa kijana, akawa mwanafunzi wa Ajahn Mun Bhuridatta, yule aliyerudisha heshima ya maisha ya watawa wa msituni: kula mara moja kwa siku, kulala chini ya miti, kukaa kimya. Ajahn Lee alifariki mwaka 1961 katika monasteri ya Wat Asokaram karibu na Bangkok, ambayo yeye mwenyewe aliianzisha. Mafundisho yake yalifasiriwa kwa Kiingereza na mtawa wa Kimarekani, Thanissaro Bhikkhu, anayeongoza monasteri moja jimboni California, na vitabu hivyo hutolewa bure. Hatukununua kitu, wala hatukujiunga na kitu. Jambo hilo peke yake lilitutofautishia mafundisho haya na biashara nyingi za "nishati" tunazoziona mjini.

Mafundisho yenyewe ni mepesi kueleza. Mtu anakaa ametulia. Anaanza kwa kuvuta na kutoa pumzi ndefu mara tatu au mara saba, huku akilini anagawanya jina "buddho", nusu wakati wa kuvuta na nusu wakati wa kutoa. Kisha anaichunguza pumzi: ni ndefu au fupi, nzito au nyepesi, ya joto au ya baridi? Ile inayompa utulivu, hiyo ndiyo anayobaki nayo. Baada ya hapo anaiacha ienee. Anaiwazia na kuihisi ikishuka kutoka kisogoni, ikipita uti wa mgongo, ikiingia miguuni hadi vidole. Tena mabegani, mikononi, kifuani na tumboni. Mpaka mwili mzima uwe kama kitu kimoja kinachopumua. Akili ikichoka kutembea, kuna mahali pa kuipumzisha: ncha ya pua, katikati ya kichwa, kaakaa, chini ya koo, kifua, kitovu.

Wanafunzi wake husimulia kwamba wakati mmoja alipokuwa msituni kaskazini, msimu wa mvua, mbali na barabara na mbali na daktari, alipatwa na ugonjwa wa moyo, naye akajitunza kwa njia hii hadi akapata nafuu. Sisi tunalichukua simulizi hilo kama tunavyochukua shuhuda zinazotolewa makanisani mwetu: kwa heshima kwa mtoa ushuhuda, bila kuligeuza kuwa dawa ya kila mtu.

Neno moja na tafsiri nne

Hapa ndipo tulipojifunza jambo la kwanza. Ajahn Lee hakufundisha kwa Kiingereza, wala hakufundisha kwa Kiswahili. Alifundisha kwa Kithai, na neno analotumia ni lom. Lom ni upepo unaotikisa majani. Lom pia ni hewa iingiayo puani. Tena, katika uganga wa jadi wa Thailand, lom ni upepo unaosemekana kutembea mwilini. Mthai aliyezimia husemwa, neno kwa neno, kwamba "amekuwa upepo". Neno ni la kila siku, la shambani na jikoni. Katika Kiingereza cha mfasiri likawa mara pumzi, mara nishati ya pumzi, naye mpwa wa yule mama akalichukua hilo la pili.

Tukajaribu kulileta nyumbani, tukaona kila mlango una kizingiti chake. Tukisema "nishati", msikilizaji wetu anawaza umeme na sola: kitu kinachohifadhiwa, kinachopimwa kwa mita na kuuzwa kwa tokeni. Tukisema "nguvu", anauliza papo hapo, nguvu za nani, za Mungu au za giza? Tukisema "upepo", lugha yetu wenyewe inatuvuta mbali, maana upepo na pepo ni ndugu wa shina moja. Watu wa pwani wanaposema mtu kapatwa na upepo mbaya, hawazungumzii hali ya hewa. Na tukisema "roho", tumekwisha kuingia katika kiri ya imani, kwa kuwa Roho kwetu ana jina na ana nafsi.

Kwa hiyo, wale wawili waliomjibu mama, na jirani yake pia, hawakuwa wanabishania Ubudha. Walikuwa wanabishania maneno ya Kiswahili. Mmoja alisikia pepo, mwingine alisikia Roho, mpwa alisikia umeme. Mtawa wa Thailand hakusema hata kimoja kati ya hivyo. Baada ya kujaribu mara nyingi tulikubaliana kutumia maneno "mwendo wa pumzi mwilini". Hayana mvuto, lakini yanasema kile ambacho mwalimu yule anaomba mtu akihisi: jinsi mwili mzima unavyojibu pumzi inapoingia na kutoka. Sentensi nyingi zilizotutisha mwanzoni, tulipozisoma tena kwa maneno haya, zilitulia.

Vitabu vya kale vinasema nini

Jambo la pili lilitushangaza zaidi. Tulidhani nishati ya pumzi ni itikadi ya Wabudha wote, kama vile Utatu ulivyo kwa Wakristo. Sivyo. Maandiko yao ya zamani, yaliyohifadhiwa katika lugha ya Kipali, yana hotuba maalumu juu ya kupumua kwa uangalifu, yenye hatua 16. Hatua ya tatu inasema mtu avute na kutoa pumzi huku akiuhisi "mwili wote". Mwili upi? Buddhaghosa, mfasiri mkuu aliyeandika Sri Lanka katika karne ya 5, alielewa kuwa ni "mwili" wa pumzi yenyewe, yaani mwanzo, kati na mwisho wake, na mtu aiangalie palepale puani. Walimu wa Burma, ambayo leo ni Myanmar, kama Mahasi Sayadaw aliyefariki mwaka 1982, waliwafundisha watu kuangalia tumbo linavyopanda na kushuka. Ajahn Lee alielewa kuwa ni mwili huu wa nyama wote, toka kisogo hadi kidole. Watibeti nao wana elimu yao ndefu ya pepo za mwilini na njia zake, na husema akili hupanda juu ya upepo kama mtu juu ya farasi. Wabudha wanajadiliana wao kwa wao. Mtu anayekuambia "Wabudha wanaamini hivi" juu ya pumzi, mwulize: Wabudha wa wapi?

Hata hivyo Ajahn Lee hakulitoa jambo lake hewani. Kuna hotuba ambamo Buddha anamfundisha mwanawe Rahula juu ya upepo uliomo mwilini. Anautaja kwa aina: upepo upandao, upepo ushukao, upepo wa tumboni, upepo wa matumboni ndani, upepo upitao viungoni, na pumzi iingiayo na kutoka. Hapo pana msingi wa mwendo wa pumzi viungoni. Lakini angalia baba anamwambia mwana nini mara baada ya orodha hiyo: upepo huu wote utazamwe kuwa si wangu, si mimi, si nafsi yangu. Hamwambii aukusanye wala autumie kuponya au kutawala. Anamwambia aujue, asiushike.

Tena kuna hotuba nyingine ambamo Buddha anasimulia miaka yake ya kujitesa, kabla hajapata alichokitafuta. Alijaribu kuzuia pumzi kwa nguvu, akafunga kinywa na pua. Upepo ukanguruma masikioni, kichwa kikauma kana kwamba kimekazwa kwa mkanda, tumbo likawa kama linakatwa kwa kisu cha mchinjaji. Hakupata chochote. Aliacha, akakumbuka utulivu aliouonja utotoni akiwa amekaa kivulini, chini ya mti wa jamii ya mzambarau, akaifuata njia hiyo ya upole. Kwa hiyo mwanzilishi mwenyewe wa njia hii alikwisha kuipima pumzi kama nguvu ya kulazimisha, akaikataa. Wanaouza pumzi leo kama mtambo wa kuzalisha nguvu wanauza kitu ambacho Buddha alikitupa.

Tusisahau pia kwamba watu hawa hawako mbali nasi. Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka zama za ukoloni. Maandiko yao ni haya haya ya Kipali. Ni majirani, na jirani anastahili kusomwa kabla ya kuhukumiwa, kwa sababu ile amri juu ya ushuhuda wa uongo inahusu majirani wa dini zote.

Tunapokubali

Tukisema kwa haki, mafundisho haya yametufundisha mambo mawili.

La kwanza ni mwili. Sala yetu ya Kiprotestanti ina maneno mengi. Tunafumba macho na kuanza kusema, na mara nyingi mwili tunauacha nyuma kama mzigo uliosahaulika stendi. Mtawa yule anakaa kwanza, anaangalia anapumuaje, anagundua kwamba ana hasira au ana hofu kabla hajafungua kinywa. Sisi tunaokiri ufufuo wa mwili tungepaswa kuwa wa kwanza kuujali.

La pili ni upole. Ajahn Lee hamlazimishi mtu apumue kwa namna moja. Anasema tafuta pumzi inayokutuliza. Lugha yetu ilikwisha kulijua hili, ila hatukulisikia: kutoka pumzi tumepata kupumzika. Anayepumzika ni yule aliyeipata tena pumzi yake. Mama alipokuwa akikaa na mume wake usiku, hakuna kingine walichokuwa wanafanya.

Tunapopinga

Lakini tuna hoja nzito za kupinga pia, na ya kwanza ni ya mwili wenyewe. Hewa tunayovuta huishia mapafuni. Kutoka hapo ni damu inayobeba oksijeni hadi vidoleni. Hewa haiteremki uti wa mgongo. Mtu anapohisi pumzi ikienea miguuni, anachohisi ni mishipa yake ya fahamu, misuli inayolegea na moyo unaopunguza mbio, maana ni kweli kwamba pumzi ya taratibu hutuliza moyo. Hilo ni jema, wala si dogo. Ila tusiligeuze kuwa tiba ya kila ugonjwa. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi aende akapimwe kifua kikuu, apumue vizuri akiwa njiani kwenda zahanati.

Hoja ya pili ndiyo iliyotuuma zaidi. Mzee yule, mume wa mama, alituambia siku moja kwa sauti ya kukatika, "Nimejaribu kuielekeza kama kijana alivyosema. Haiendi. Labda mimi ndiye nimeshindwa." Hapo tuliona hatari ya neno "nishati" kuliko hoja zote za vitabuni. Pumzi ikishakuwa nguvu ya kuelekezwa, asiyepona anakuwa amekosa ufundi. Mgonjwa aliyelemewa na mapafu anatwishwa na hatia juu yake.

Hapo tulinyamaza kwa muda, kwa sababu tuliyatambua maneno hayo. Tumeyasikia makanisani. "Labda sina imani ya kutosha." Tumeona mikutano ambako mhubiri anapuliza kwenye kipaza sauti, watu wanaanguka, na asiyeanguka anaambiwa ana kizuizi. Tunawashutumu Wabudha kwa kuifanya pumzi kuwa nishati, kumbe baadhi yetu tumemfanya Roho Mtakatifu mwenyewe kuwa nishati: wa kupakuliwa, wa kurushwa, wa kuuzwa kwenye chupa ya maji. Ukilinganisha na hayo, mtawa wa msituni anayesema pumzi si yangu ana unyenyekevu kuliko mhubiri anayesema upako ni wangu.

Kanisa la kale lilikutana na jaribu hili. Watawa wa Mashariki waliliunganisha jina la Yesu na pumzi; Yohana Klimako wa Sinai, karne ya 7, alishauri hivyo. Katika karne ya 14 watawa wa mlima Athos walidhihakiwa na Barlaam wa Calabria kuwa ni watu wenye roho kitovuni, kwa sababu walisali wakiinamisha kichwa na kuituliza pumzi. Gregorio Palamas aliwatetea, na sinodi ya Konstantinopoli ya mwaka 1341 ikawa upande wake. Lakini utetezi wake hausemi kwamba pumzi ni neema. Pumzi ni kamba ya kuifunga akili isizurure. Neema inatoka kwa Mungu, naye haifungwi kwa kamba. Ndugu zetu Wakatoliki walisema jambo linalokaribiana na hilo katika waraka wa Vatikano wa Oktoba 1989 juu ya tafakari ya Kikristo: mazoezi ya mwili yanaweza kuleta utulivu, joto, hata mwanga, lakini ni kosa kubwa kudhani hisia hizo zenyewe ni faraja za Roho Mtakatifu. Sisi Waprotestanti tunaweza kuitikia amina hapo.

"Si yangu" mbili

Tufike sasa kwenye kiini. Kwa Kiebrania na kwa Kigiriki, neno moja hubeba upepo, pumzi na roho, karibu kama lom. Kwa hiyo mwenzetu aliyesema pumzi yote ni Roho hakukosa kabisa pa kushika. Lakini Biblia haiachi mambo yachanganyike. Katika Mwanzo 2 udongo haupumui wenyewe, kuna anayeupulizia. Katika Yohana 20 Yesu mfufuka anawavuvia wanafunzi, na Kigiriki cha Yohana kinatumia kitenzi kile kile ambacho tafsiri ya kale ya Kigiriki ilitumia pale Mwanzo. Biblia yetu ya Kiswahili inasema mahali pamoja "kupulizia" na pengine "kuvuvia", hivyo msomaji wetu haoni kwamba Yohana anazungumzia uumbaji mpya. Zaburi ya 104 inasema Mungu akiiondoa pumzi, viumbe hurudi mavumbini. Na Yesu anamwambia Nikodemo kwamba upepo unavuma kwa hiari yake. Katika mahali pote hapo pumzi ina mtoaji.

Basi Mbudha na Mkristo wote wawili wanasema, "Pumzi hii si yangu." Ni maneno yale yale, na watu wengi huishia hapo wakidhani tumekubaliana. Rahula anaposema si yangu, anamaanisha haina mwenyewe: ni upepo unaopita kwa sababu zake, kama upepo wa nje, na mwenye hekima hufungua mkono. Sisi tunaposema si yangu, tunamaanisha ina mwenyewe, na mwenyewe ni mwingine: ni amana. Wao wanaiachilia, nasi tunairudisha kwa aliyeitoa. Tofauti hii haionekani unapokaa kitini ukipumua vizuri asubuhi. Inaonekana pumzi inapokatika.

Ile hotuba kwa Rahula inamalizia hapo hapo. Inasema kwamba mtu aliyejizoeza kupumua kwa uangalifu, hata pumzi zake za mwisho zitakoma akizijua, hazitakoma bila kujulikana. Tuliisoma sentensi hiyo mara nyingi, nasi hatuna haja ya kuidharau. Ni jambo kubwa kufa ukiwa macho, bila kukimbia. Lakini Luka 23 inatuonyesha pumzi nyingine ya mwisho. Yesu msalabani hakuishia kuijua. Aliikabidhi mikononi mwa Baba, kisha akakata roho. Kigiriki kinasema alipumua nje, na ilikuwapo mikono ya kuipokea. Hapo ndipo tunapoachana na mwalimu wa msituni, kwa heshima. Njia yake inamsaidia mtu kuijua pumzi mpaka ya mwisho. Haina wa kumkabidhi.

Tulichorudi kusema

Tulirudi kwa yule mama kabla ya Pasaka, safari hii tukiwa tumesoma. Tulimwomba msamaha kwa majibu yetu ya kwanza. Tukamwambia apumue na mzee wake bila hofu, kwa kuwa pumzi ya taratibu haiiti pepo, ni mapafu yanayopumzika. Tukamwambia mzee kwamba hakushindwa chochote. Hakuna anayedaiwa kuielekeza pumzi, na kwamba dawa za hospitali aendelee nazo. Tukawashauri wasitumie jina "buddho", kwa kuwa hilo ni sala ya mtu mwingine kwa imani nyingine, na si haki kwake wala kwetu kuliazima kama kifaa. Tukawapa maneno tunayoyajua wote tangu utotoni kwenye liturujia: kuvuta, "Bwana", kutoa, "uturehemu". Na tukawaomba wasipime sala kwa hisia. Usiku mwingine watatulia, usiku mwingine hawatatulia, na Mungu atakuwa yule yule.

Kwa washarika wengine tunasema hayo hayo. Ukifundishwa kupumua na daktari, pumua. Ukikutana na mafundisho ya Wabudha, soma kilichoandikwa, usitegemee tafsiri ya muuzaji wala ya mwenye hofu. Ukisikia neno "nishati" au "nguvu", hata madhabahuni kwetu, uliza ni ya nani na nani anaielekeza.

Mzee alifariki siku chache kabla ya Pentekoste. Baada ya mazishi tulikaa na mama chini ya turubai, vyombo vikikusanywa. Hatukumuuliza kitu. Alisema mwenyewe kwamba usiku ule walipumua pamoja kama kawaida, yeye akisema maneno kwa niaba ya wote wawili, kwa sababu mzee hakuwa na sauti tena. Pumzi zikawa zinaachana, moja hapa, nyingine baada ya muda. "Ya mwisho niliijua," alisema. "Ilitoka, nikasubiri, haikurudi. Nikasema, Bwana, ipokee."